Susu Aliposema Anua

Nguo iliyokaushwa na mashine hainuki chochote. Nimeinusa mbele na nyuma kama mbuzi anayetafuta mwanawe, na sikupata kitu. Ni laini, ina joto, sikatai, lakini ni kama haikutoka mahali popote. Nguo iliyokauka juani ina harufu yake, na mpaka leo sijapata jina la kuipa. Kuna sabuni kidogo, vumbi kidogo na upepo wa mahali ilipoanikwa. Nikiipata hiyo harufu puani, hata nikiwa nimesimama kwenye paa la jengo letu katikati ya matangi ya maji, narudi Kilungu mbio.

Hapa nyumbani tunayo mashine ya kufua na kukausha. Mume wangu aliinunua kwa furaha ya mtu aliyeoa mke wa pili. Kufua, inafua vizuri, Mungu aibariki. Lakini ukiiwasha upande wa kukausha, kile kisanduku cha stima pale mlangoni kinaanza kulia kikidai tokeni, na mimi moyo unaniuma. Kwa hiyo hubeba beseni langu na kupanda ngazi hadi juu kabisa, nikaanika huko. Majirani husema mimi ni bahili. Waseme tu, maana ni kweli. Ila ubahili wangu una asili, na asili yake ni neno moja la Kiswahili ambalo sikulijua nikiwa na miaka tisa.

Wakati huo tulikaa Athi River, na likizo ya Aprili mama alinipeleka kwa mama yake, Kilungu. Kikamba tunamwita bibi susu, na mimi sikuwahi kumjua kwa jina jingine. Nyumba ya Susu ilikaa katikati ya mteremko, juu yake kilima, chini yake shamba la maharagwe lililoshuka hadi kijitoni. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni mpaka ukadhani ni maziwa yamemwagika, na haukuondoka mpaka saa nne au saa tano. Nyumbani kwa Susu jua lilikuwa mgeni wa kuchelewa.

Labda ndiyo sababu alilithamini hivyo. Sijaona mtu aliyejua kulitumia jua kama yule mama. Kamba yake ya nguo aliisokota mwenyewe kwa mkonge, akaifunga kutoka mparachichi hadi nguzo ya boma la mbuzi. Wapita njia wakimtania, yeye aliwajibu, "Mkamba asiye na kamba ataanika wapi?" Katikati ya kamba alisimamisha mti mrefu wenye panda juu, kama manati kubwa, wa kuibeba kamba isilegee nguo zikagusa udongo.

Na alikuwa na sheria. Nguo ilikung'utwa mara tatu, pa, pa, pa, kabla haijaenda kambani. Shati lilianikwa kola chini, na mishono ikavutwa ingali mbichi, ikanyooka. Nguo za ndani zilijificha nyuma ya leso, kwa sababu, alisema, si kila anayepita njia ni shemeji yako. Zikikauka zilikunjwa zingali na joto na kulazwa chini ya godoro, nasi tukalala juu yake. Asubuhi ilitoka nguo iliyonyooka ungedhani imepigwa pasi.

Pasi yenyewe alikuwa nayo. Ilikuwa pasi nzito ya makaa, ile yenye jogoo mdogo wa chuma kwenye kifungo cha mbele. Niliipenda sana kwa ajili ya huyo jogoo. Lakini Susu aliitoa mara chache mno, labda kwa harusi. "Mti umekua miaka kumi," alikuwa akisema, "halafu mtu anauchoma asubuhi moja ndio soksi zikauke? Na jua liko hapo juu linazurura bure?" Alisema "linazurura" kwa hasira, utadhani jua ni kijana wa jirani aliyekataa kazi.

Sasa, Susu hakuishi Kilungu siku zote. Akiwa mke kijana alikaa Mombasa, babu akifanya kazi ya reli, na aliporudi alileta sanduku la leso na Kiswahili chenye maneno ambayo sisi wa Athi River hatukuyajua. Kiswahili changu kilikuwa cha ploti, zile nyumba za kupanga, na uwanja wa shule. Kikamba changu kilikuwa cha kusalimia tu, baada ya hapo nilibaki kutabasamu. Kwa hiyo Susu aliniongelesha Kiswahili chake cha Mombasa, nami niliitikia "ndiyo, Susu" hata pale ambapo sikuambulia kitu. Nilikuwa mtoto wa kujifanya najua. Mama anasema bado nina ugonjwa huo.

Likizo ile nyumba nzima ilikuwa na jambo moja tu kichwani, na jambo hilo lilikuwa la Anti Mumbua. Anti Mumbua ni dada mdogo wa mama, kitinda mimba wa Susu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita na tangu hapo alikuwa akilima na kungoja. Wiki hiyo alikuwa amepata ujumbe kutoka Mtito Andei. Mama mmoja Mwislamu, mwenye hoteli kubwa ya chakula kando ya barabara ya Mombasa, alitaka msichana wa kuhudumia meza na kuandika oda. Aje Jumatano saa saba mchana, amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe. Wasichana wengine wangekuja pia, na angechukua mmoja.

Sketi ilikuwapo. Blauzi nyeupe ilikuwa moja tu, ile ya shule, ambayo Anti aliibandua beji kwa wembe, uzi baada ya uzi. Pale beji ilipokuwa palibaki kijisanduku cheupe kuliko blauzi yenyewe, kikitangaza kwamba mwenye nguo hana nyingine. Jumanne asubuhi Susu aliifua mwenyewe. Aliisugua, akaitia bluu, akaisuuza mara nne, na ilipotoka kwenye karai kile kijisanduku hakikuonekana tena. Anti Mumbua alipiga vigelegele palepale. Blauzi ikapewa kiti cha mbele, katikati ya kamba, karibu na mti wa panda.

Mchana wao wawili walishuka shambani kuchuma maharagwe. Mimi niliachwa nyumbani. Susu aliniinamia, akaninyooshea kidole kilimani.

"Mutheu, leo wewe ndiye askari wa nguo. Ukiona wingu limekaa pale juu, usingoje litone. Anua nguo haraka. Umesikia?"

"Ndiyo, Susu."

Nilisikia kweli, ila nilisikia "inua". Kwetu Athi River mvua ikinyesha tulisema "toa nguo kwa kamba", basi. Hilo la kuanua sikuwa nimelisikia tangu nizaliwe. Na msinicheke mapema, kwa sababu nilikuwa nimefikiria. Mvua ya Kilungu ikipiga ardhi, udongo mwekundu unaruka mpaka magotini. Nguo zikiinuliwa juu, tope haliwezi kuzifikia. Niliona ni ujanja mkubwa, ujanja wa watu waliokaa Mombasa.

Wingu likaja. Nililiona likikaa juu ya kilima, zito na jeusi, nikakimbia nikaushika ule mti wa panda. Nikausukuma usimame wima, kamba ikapanda. Haikunitosha. Nikaleta kigoda, nikapanda juu yake, nikauinua mti mzima kutoka ardhini na kuukumbatia, kamba ikapanda zaidi, na nguo zote za nyumba ile zikapepea huko juu ungedhani ni sikukuu ya kitaifa. Mvua ikamwagika. Nilifumba macho nikaendelea kushika. Maji yaliniingia shingoni na kutokea miguuni, lakini sikuachilia. Mimi nilikuwa askari.

Ndivyo walivyonikuta. Walipanda mteremko mbio, wamejifunika vichwa kwa majani ya ndizi, na mimi nikapaza sauti kwa fahari yote niliyokuwa nayo, "Susu, nimeinua! Nimeinua zote!"

Susu alisimama. Alitazama nguo zinazochuruzika, akanitazama mimi juu ya kigoda. "Woi!" alisema, taratibu. "Mwana wakwa, nilisema anua. Anua ni kutoa kambani, kupeleka ndani. Wewe umeinua."

"Ndiyo, Susu," nikajibu. Kisha maana ikanifikia.

Anti Mumbua hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliitoa blauzi yake kambani, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, ikimwaga maji, akalia. "Kesho saa saba," alisema. "Mama, kesho saa saba! Nitamwambia nini yule mama? Nimengoja miaka miwili." Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Niliitwa Mutheu, yaani msafi, jina la nyanya yake Susu, na hapo ndipo nilipolifikisha. Na yeye aliitwa Mumbua kwa sababu alizaliwa siku ya mvua. Siku hiyo sote wawili tulionja majina yetu.

Mvua haikukatika mpaka giza. Kuianika blauzi jikoni hakukufaa, kwa sababu Susu alipika kwa kuni, na nguo nyeupe ikilala kwenye moshi inaamka na rangi ya chai. Nikamkumbuka jogoo. "Susu," nikasema nikivuta kamasi, "si tupige pasi?"

"Makaa yamelowa," Susu akasema.

Anti Mumbua akageuka akamwangalia mama yake, akafungua mdomo. Susu naye akamwangalia. Anti akaufunga mdomo, akaendelea kumenya maharagwe. Nililiona hilo, lakini nilikuwa mtoto, na watu wazima huangaliana hivyo kila siku.

Sikuumaliza ugali wangu. Susu alisogea karibu yangu, akaniambia bila kupunguza sauti, "Wewe si ulitaka kuinua? Sawa. Kesho tutaziinua vizuri. Ulale."

Tuliamka alfajiri. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Mparachichi wenyewe sikuuona. Susu aliifungua kamba yake, akaizungusha na kunivisha begani. Mti wa panda nikaubeba mimi pia, na ulikuwa unanizidi urefu mara mbili. Anti Mumbua alibeba blauzi ndani ya beseni, yeye mwenyewe amejifunga leso na sweta, sketi yake nyeusi chini. Susu alibeba kiondo. Kilionekana kizito, maana kamba yake ilimkaza paji la uso, na kila alipopiga hatua ndani yake kitu kiligonga, ko. Nikajua ni kiamsha kinywa. Nikajua kabisa ni viazi vitamu ndani ya sufuria.

"Susu, nikusaidie hicho?"

"Hicho si chako. Beba kamba."

Tukapanda kilima. Njia ilikuwa ya utelezi, nami niliangusha ule mti mara tatu, na mara zote tatu Susu alingoja niuokote mwenyewe. Tulipokaribia juu, ukungu ulianza kuwa mweupe zaidi, kisha ukawa mwembamba, kisha, Mungu wangu, tukatoka juu yake. Ulikuwa umelala chini yetu bonde zima, na huku juu kulikuwa na jua. Jua lenyewe, la manjano, limeshaamka na kuosha uso. Sikujua kwamba wakati sisi tunatetemeka kule chini kila asubuhi, jua lilikuwa hapa juu siku zote.

Susu akafunga kamba kati ya mikaratusi miwili, akaikung'uta blauzi, pa, pa, pa, akaianika kola chini. Kisha akanigeukia.

"Haya, askari. Inua."

Nikaweka panda kwenye kamba, nikainua. Upepo wa kilimani ukaichukua blauzi ile, ikajaa kama ina mtu ndani. Nikasimama hivyo nimeshika mti, siongei, sijikuni. Baada ya muda ikaanza kutoa mvuke. Mzee mmoja wa kanisa la pale akapita na ng'ombe wake, akatuangalia sana, akauliza kulikoni.

"Jua limekataa kuja kwetu," Susu akamwambia. "Tumelifuata kwake."

Saa moja na nusu hivi, kiwingu kikafunika jua. Anti Mumbua alisimama ghafla, mkono mdomoni. Baridi ikaja mara moja, blauzi ikalegea. Nilimwona Susu akiingiza mkono ndani ya kiondo, akauacha humo, macho yake juu. Nikafikiri, sasa tutakula. Nikaomba kwa maombi yote niliyofundishwa Sunday school, na mengine niliyatunga hapohapo. Kiwingu kikasogea, na jua likatoka. Susu akautoa mkono wake kiondoni ukiwa mtupu, akajipangusa kwenye leso.

Ilikauka. Susu aliipapasa kwapani, mahali pa mwisho kukauka, akasema "haya". Akaikunja, akailaza juu ya jiwe bapa lililopata joto, akaitandikia leso, kisha akaikalia. Ndiyo, Susu aliikalia blauzi ya Anti Mumbua, ameketi wima kama mwenyekiti wa mkutano, tukangoja. Alipoinuka ilikuwa imenyooka kila mahali. Tulimshikia Anti leso akavaa nyuma yake. "Ina joto!" akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha akateremka upande wa pili wa kilima kwenda barabarani, nami nikauinua tena ule mti, bila kamba, nikampungia nao mpaka alipopotea.

Kazi aliipata. Yeye hudai yule mama mwenye hoteli alimkaribia, akanusa, akasema, "Nyinyi wote mnanuka moshi, huyu ananuka jua." Anti Mumbua huongeza chumvi kwenye kila kitu kasoro chakula, kwa hiyo sijui. Ninachojua ni kwamba hakurudi kulima. Leo ana lojingi yake ndogo ya kulaza wasafiri hukohuko Mtito Andei, na ukipita nyuma utaona mashuka meupe yamejaa kambani, kola chini kama yangekuwa na kola. Nami kwa miaka mingi nilijua hadithi hii hivi: kwamba niliharibu, halafu nikatengeneza. Niliposhindwa hesabu, nilipokosa kazi ya kwanza, nilijikumbusha kwamba mimi ndiye niliyeinua blauzi juu ya ukungu. Ilinibeba, siwafichi.

Krismasi iliyopita tulikuwa wote Kilungu. Susu ni mzee sana sasa, anaota jua kwenye kiti na kutoa amri. Tulikuwa tunakunja nguo, Anti na mimi, nikasema kwa kujisifu kidogo kwamba hata viazi vitamu sikupewa siku ile, na kazi yote ile.

"Viazi gani?" Anti akauliza.

"Vya kwenye kiondo."

Anti Mumbua akaacha kukunja. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mutheu, wewe! Kwenye kiondo kulikuwa na pasi. Pasi, makaa na kiberiti. Makaa yalikuwa nusu gunia, nyuma ya mlango wa jikoni, makavu kabisa. Jua lingekataa, angenipigia pasi juu ya lile jiwe. Mimi usiku ule nilitaka apige, nikamfuata nje, nikamwambia mama, washa makaa tumalize. Unajua aliniambia nini? 'Nikiwasha leo, huyu mtoto atarudi kwao akiwa ndiye aliyeharibu. Acha kwanza aitengeneze.'"

Niligeuka nikamtazama Susu. Alikuwa amefumba macho juani, lakini sikumwamini. Nikafikiria ule uzito kichwani mwake, kilima chote kile, chuma na makaa, mwanamke ambaye hakuwahi kuchoma hata kijiti kwa ajili ya soksi. Ule mlio nilioudhani wa sufuria ulikuwa wa jogoo wangu. Nililia pale mbele ya mashuka, nikasingizia vumbi.

Mwezi uliopita binti yangu Ndanu, ana miaka minane, aliachiwa nguo za kuanua. Neno hilo analijua, nilimfundisha kabla hajajua kuhesabu. Alilijua, na akasahau, akacheza, na mvua ikalinyeshea gauni lake jeupe la kusomea shairi kanisani kesho yake. Alilileta sebuleni likichuruzika, uso umemwiva kwa kilio.

"Mama, si tuweke kwa mashine? Si inakausha?"

"Imeharibika," nikasema.

Mume wangu akainua kichwa kutoka kwenye simu, akafungua mdomo. Nikamwangalia. Akaufunga.

"Kesho alfajiri tutapanda juu," nikamwambia Ndanu. "Wewe utabeba kamba."

Alipolala, niliichomeka mashine kwenye stima, nikahakikisha tokeni zinatosha, nikazima taa ya jikoni. Jua likikataa, iko tayari.